Kabuti ya Tata Kabwe

Siku ya kwanza, 9 Juni
Baridi tena. Nimemuvalisha bwana yangu, tata Kabwe, mi mwenyewe, kama kila asubuhi. Singleti, triko mbili za sufu, bote ya miguu, kabuti ile nzito ya friperi, ya mitumba, yenye kola ya manyoya. Kisha mipira. Nakata mupira ya ndani ya tairi ya baisikeli, namufunga ku mikono, ku kiuno, ku miguu, upepo isipate fasi ya kuingia. Hapa Kolwezi benye mapikipiki bote banajifunga hivi. Mwaka jana mapafu karibu imuue. Mi siwezi kuona ile tena.

Anavusha bachimbaji ku muto Lualaba na bwato. Asubuhi mayi inatoka moshi.

Siku ya pili, 10 Juni
Tumegombana. Ati kabuti inamuzuia kupiga kafi. Ati mutu ya bwato anavaa sababu ya mayi, hapana sababu ya upepo: mayi ya wakati ya mvua, singleti basi, mayi ya baridi ya Juni, triko moja ya kubana, kitu ya kuvua haraka. Yav, mwenzake wa kazi, anavaa vile. Anatetemeka kama kuku aliyelowa. Nilimwambia Yav hana muke, njo maana. Akacheka. Akanyoosha mikono, nikafunga.

Siku ya ine, 12 Juni
Hakukohoa tangu jana. Nimefurahi kama mujinga. Leo nimeongeza mupira ingine ku kila mukono. Nimekaza kabisa.

Siku ya tano, 13 Juni
Yav amefika mbele ya nyumba, amelowa, amebaki na singleti tu, midomo haina rangi. Bwato imepinduka katikati ya muto. Muchimbaji mumoja aliangusha simu, bote bakainamia upande moja. Bametoka bote. Isipokuwa tata Kabwe.

Nimemushika singleti mpaka akasema yote.

"Mama, alikuwa anavuta mipira na meno."

Siku ya Mungu, 15 Juni
Bamemupata chini kidogo ya muto, mu matete. Kabuti ilikunywa mayi, banaume ine balimubeba kwa shida. Balitaka kukata mipira na kisu. Nimekataa. Nimefungua mi, moja moja. Ilikuwa ngumu, vidole byangu bilitoka damu. Ya mukono ya kushoto ilitafunwa karibu ikatike. Karibu.

Naichukia mikono hii. Naandika nayo, napika nayo, naichukia.

Siku ya kwanza, 16 Juni
Dada zake balileta kostimu nzito, koti na suruali, triko, na kravati ya shingoni ya kaka yao mukubwa. Balisema ku makaburi kuna baridi, asiende bila nguo nzito. Balitaka mi nimufunge kravati, ni kazi ya muke.

Sikugombana. Nimebarudishia bintu byao. Nimemuvalisha shati nyeupe, ile nyepesi ya kanisa, miguu wazi.

Bifungo sikufunga hata kimoja.