Moshi wa Mikate

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na lile goti lako likiwa limekubali kukunjika bila kukupigia kelele. Mimi bado nipo. Siwezi kuandika kwamba sijambo, maana unaniona kila jioni, na mgonjwa anayemdanganya mtu anayemfulia shuka anajisumbua bure. Usingizi napata kidogo, uji unapita kidogo, na pumzi naivuta kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu: ikifika juu, nusu imeshamwagika.

Utashangaa kwamba nakuandikia barua ilhali tunaonana kila siku. Nimejaribu kusema kwa mdomo nikashindwa. Kila unapoingia wodini, hata kabla hujaketi, unaanza kuniomba radhi. Unasema laiti ungejua, laiti ungeacha kuoka mapema. Kisha unalia, yule mgonjwa wa kitanda cha pili anageukia ukutani kwa adabu, nami nakushika mkono na kukuambia basi, mama, basi yaishe. Hiyo “basi” yangu imenichosha kuliko kikohozi. Ndiyo maana nimemwomba muuguzi wa zamu ya mchana karatasi na kalamu, akanipa kwa sharti kwamba nikianza kutweta ataninyang’anya. Amekubali pia kukupa barua hii utakapokuwa unatoka. Tafadhali usiisome mbele yangu. Ukipenda kurudi kesho, rudi. Usipopenda, sitamuuliza mtu uko wapi.

Nilichokuficha ni hiki: mimi ni mhunzi. Simaanishi mhunzi wa kuishi kwa kazi hiyo, maana vitu nilivyotengeneza havinunuliki hata kwa huruma. Ni mhunzi wa kujifurahisha, kama wengine wanavyocheza karata au kufuga njiwa. Asubuhi zote ulizodhani nimeketi maktaba nikisoma magazeti, nilikuwa nyuma ya soko la vyuma chakavu, nimefunga aproni ya ngozi kiunoni, nikipiga chuma.

Na aliyenipeleka huko ni wewe. Unakumbuka komeo la mlango wa nyuma lilivyovunjika, ukasema mwanamume mzima hawezi kukaa nyumbani huku mlango umefungwa kwa kamba? Nililipeleka kwa mhunzi mmoja wanayemwita Taratibu. Wanamwita hivyo kwa sababu hajawahi kufanya jambo lolote taratibu. Anakula akiwa amesimama, anasalimia watu akiwa ameshawapita. Siku hiyo alikuwa peke yake, akaniambia kama nina haraka na komeo langu nishike mpini wa feni nizungushe, maana moto hauendeshwi kwa kutazamwa. Nikazungusha. Makaa yakaamka. Kile chuma cheusi kikawa chekundu, kisha kikawa na rangi ya papai lililoiva, naye akakitoa kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe, lile pande zito la chuma wanalopigia, akakikunja kama mtu anayekunja leso.

Mdogo wangu, nimekagua shule karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimeandika ripoti ambazo zililala makabatini hadi panya wakazisoma kabla ya wakubwa. Sikuwahi kuona kitu kikibadilika umbo mbele ya macho yangu kwa sababu mtu ameamua. Kesho yake nikarudi. Taratibu akauliza leo kimevunjika nini. Nikamwambia hakuna, nataka kujifunza. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini, na watu wake wanasema hilo halijapata kutokea. Akauliza kama nimegombana na mke wangu nyumbani. Nikamwambia nimeshamzika. Akaacha kucheka, akanitupia koleo.

Sikuwa mwanafunzi mzuri. Ubaya wangu ulikuwa mmoja: chuma kikitoka motoni nilikiinua nikitazame. Mazoea ya ukaguzi hayo. Nilitaka kuona kama kimekaa sawa kabla sijakipiga, na nilipomaliza kuona kilikuwa kimeshapoa, nikipiga kinalia tu na mkono unauma hadi begani. Taratibu alikuwa akinipigia kelele kwamba, Mkaguzi, chuma hakingojei ripoti. Nilipopiga polepole aliniuliza kama ninakifua au ninakipa pole kwa msiba. Wateja wake walinizoea. Mmoja alikuwa akinisalimia kwa kuuliza kama wajukuu wamenifukuza nyumbani. Nilitengeneza kulabu moja ya kutundikia koti, imepinda kama mkia wa paka aliyeona mbwa. Niliibeba mfukoni siku nyingi, nikiishika shika, kama mtoto aliyeokota kitu cha thamani.

Kwa nini sikukuambia? Kwanza, ungenikataza, na ungekuwa na haki. Ulinichukua kwako baada ya mazishi ya wifi yako ili nipumzike, ukawaambia majirani wote kwamba kaka yako ni mtu wa vitabu, hajui hata kushika jembe. Pili, niliogopa kuchekwa. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama kabla sijavuliwa. Na la tatu ni kwamba kilikuwa kitu changu peke yangu. Tangu wifi yako aondoke, kila kitu nilichokuwa nacho nilipewa na mtu aliyenionea huruma. Kwa kulabu ile hakunihurumia mtu.

Kukuficha hakukuwa kazi ngumu. Uliona vitundu vya cheche kwenye mashati yangu, nikakuambia wazee wenzangu wanavuta sigara ovyo, ukauliza kama wazee hao wanavuta sigara au wanachomeana nyumba. Tukacheka. Ama harufu, ilijificha yenyewe. Nyumba yako ilinukia mkaa na mikate tangu alfajiri, tanuri lako lilikuwa pale pale uani chini ya dirisha la chumba changu, na mimi niliporudi nikinuka moshi ulisema tu kwamba hata nguo za kabatini zinanukia mikate. Moshi wako uliufunika wangu.

Sasa nifike kwenye siku ile ya homa. Nilikuwa nimeona mikono yako ilivyojaa makovu ya kutoa trei motoni. Nikataka kukutengenezea fimbo ndefu yenye kulabu, ya kuvutia trei kutoka ndani kabisa ya tanuri, na mpini wake uwe na uwazi ndani ili usishike joto. Nikaokota kipande cha bomba la maji, kile cha kung’aa kilichopakwa zinki kisishike kutu. Taratibu alikuwa ameshanionya siku nyingi kwamba chuma king’aacho hakitiwi motoni, kwamba moshi wake ni mweupe na homa yake kila mhunzi anaijua. Lakini siku hiyo alikuwa amekwenda kununua makaa, nami nikajiambia kipande kidogo hakiwezi kumdhuru mtu. Moshi ukatoka mweupe kweli, na vitu kama pamba vikaanza kuelea juu ya makaa. Nikafanya kile nilichozoea: nikainama nikague. Mdomoni nikasikia ladha tamu tamu, kama mtu aliyelamba sarafu. Taratibu aliporudi alinivuta kwa kola hadi nje na kunitukana matusi ambayo siwezi kukuandikia.

Usinipunguzie lawama kwa sababu fimbo ilikuwa yako. Nakujua, ndilo jambo la kwanza utakalolifanya.

Jioni ile nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Ulinifunika kila blanketi la nyumba hiyo na koti la marehemu shemeji juu yake. Asubuhi ukamwita daktari wa zahanati ya ng’ambo ya barabara. Alinipima, ukaenda jikoni kuchemsha maji, na alipotoka chumbani alikuambia kwamba mapafu ya kaka yako hayawezi tena moshi, tanuri liondoke.

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui kwamba niliyaona. Nilijikokota hadi dirishani. Hukumsubiri hata fundi seremala jirani yetu akusaidie. Uliazima nyundo yake kubwa tu. Ulifunga khanga kiunoni, ukaanza na mdomo wa tanuri, kisha mgongo. Watoto waliokuja kununua mikate ya asubuhi walisimama na vikapu vyao, ukawaambia waende dukani, hapa hapaokwi tena. Mmoja akauliza mpaka lini. Matofali uliyapanga vizuri kando ya ukuta, kama mtu anayekunja nguo za maiti.

Tangu siku hiyo nyumba yako imekuwa kimya. Zamani watu walikuita Mama Motomoto, wakigonga lango kabla jua halijatoka. Sasa unashona pindo za nguo za watu karibu na dirisha, na ukisikia mlango wa jirani unagongwa unainua kichwa. Fundi seremala alijitolea kukujengea tanuri jingine nyuma kabisa, penye upepo, ukamwambia mikono iliyotaka kumuua kaka yako haiwezi kukanda unga. Nilikuwa sebuleni. Nilisikia. Nikageuza ukurasa wa gazeti.

Na bado nilirudi kwa Taratibu. Homa ya zinki huisha yenyewe. Nilipopata nguvu za kutembea nilisema nakwenda maktaba. Yeye mwenyewe alinikatalia, akasema kifua changu kinapiga filimbi, nikamdanganya kwamba daktari ameniruhusu. Lakini sasa hapakuwa na tanuri la kunificha. Ulinusa moshi kwenye shati langu, ukasema moshi umeingia kwenye kuta. Ukazisugua kuta zote za chumba changu kwa sabuni na maji ya moto, kwa goti hilo hilo bovu, ukazipaka chokaa. Baada ya siku chache ukanusa tena, ukazipaka upya. Mimi nilikaa uani kwenye kiti nikikusikia ukisugua, nikijiambia kwamba nitakueleza ukimaliza. Ulipomaliza ulitoka ukiwa na chokaa kwenye nyusi, ukaniuliza kama sasa ninapumua vizuri. Nikasema naam, sasa vizuri.

Hapa hospitalini waliponiuliza kazi yangu niliwaambia kweli, kwa kuwa wao hawakujui wewe. Wanasema mapafu haya yalikuwa na uzee wake, kisha yakaongezewa vumbi na moshi wa makaa ya mawe, kazi ya kuinamia moto kila siku. Hakuna aliyeuliza habari za mikate. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kuwa mgonjwa anayebembelezwa na mtu aliyepaswa kumkaripia. Muuguzi amepita mara nyingi na kuitazama kalamu hii kwa jicho baya, na mkono wenyewe umeanza kuandika kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwambie fundi seremala akujengee tanuri. Usingoje nife kwanza ili ionekane heshima. Anza wiki hii, nisikie habari zake ningali nasikia. Na watakapokuja watu kunizika, asiwepo hata mmoja wa kukusikia ukisema kwamba mikate ndiyo iliyoniua. Ukilisema hilo kaburini kwangu utakuwa umenizika na uongo wangu, na ni mzito kuliko udongo.

Nisalimie fundi seremala, umwambie nyundo yake ilikuwa nzuri ila mpini umelegea. Nisalimie wale watoto wa vikapu. Ukipita soko la vyuma chakavu, muulize mtu yeyote kwa Taratibu ni wapi, umwambie Mkaguzi hatafika. Atakutukana kidogo, usimjali, ndivyo anavyohuzunika. Wewe mwenyewe nakuombea afya, na usingizi, na asubuhi zenye watu langoni.

Limebaki moja, na nimelizunguka barua nzima. Umekuwa ukiwasimulia watu kwamba daktari yule ana pua kali, kwamba alinusa moshi wa tanuri lako tangu alipoingia mlangoni. Hakunusa kitu, siku hiyo alikuwa na mafua yake mwenyewe, anapenga kamasi kila mara. Wewe ulipokuwa jikoni, aliniuliza moshi ulionidhuru hivi ninaupata wapi. Homa ilikuwa imeshuka na akili zangu zilikuwa timamu. Nilijua nikimtaja Taratibu sitarudi kule tena. Nikatazama mlango, nikauona umefungwa, nikamwambia, “Dada yangu anaoka mikate.”

Kaka yako