Mtu wa Nyota Afika Kisimani

Jumamosi. Ukungu umeifunika Newala tangu alfajiri, lakini ndani yangu jua linawaka.

Mume wangu ananipenda. Mume wangu! Neno hili bado tamu mdomoni kama bibo la kwanza la msimu.

Ila nina jambo. Tangu nilipoletwa hapa kutoka Masasi, wanawake wa kisimani huninyamazia. Nikifika na mtungi, husogea kando. "Yule wa uso mtupu," hunong'onezana, kwa kuwa wao wamechanjwa chale usoni, nami sina hata moja. Sijamwambia Stefano wangu. Niliogopa nitazeeka hapa nikichota maji peke yangu.

Jana mchana, Stefano akiwa bado shuleni anakofundisha, nilikuwa nasoma kitabu cha Kiingereza alichoachiwa na mwalimu mwenzake aliyerudi Ulaya. Mama mkwe, aliyekuwa akimenya mihogo, akataka nimsimulie. Ni hadithi ya kubuni: chombo kimeanguka shambani kutoka kwenye nyota, akatoka kiumbe wa kutisha.

"Wa kutisha vipi?" akauliza, kipini cha ndonya kikitikisika kwenye mdomo wake wa juu. "Ana chale?"

"Hapana, Mama. Uso wake laini kama yai."

"Ah! Kumbe ni ndugu yako!"

Alicheka mpaka mhogo ukamponyoka. Nami nikacheka, ingawa moyo ulinichoma. Nikaendelea: wanakijiji wakakimbilia bunduki.

"Walimpa maji kwanza?"

"Hapana, Mama."

"Hata kata moja? Mtu atoke huko nyotani, asiwe na kiu?"

Nilikisoma kitabu chote bila kulifikiria hilo. Kwetu hapa maji hupandishwa kichwani kutoka bondeni, shingo ikiuma, na bado mgeni hupewa kata kabla ya kuulizwa jina.

Mimi kisimani sikupewa.

Nadhani Mama aliliona hilo usoni mwangu, uso huu mtupu usioficha kitu. Leo asubuhi, pamoja na magoti yake mabovu, alijitwika mtungi, tukateremka wote. Wanawake wakaanza kusogea.

"Mnakwenda wapi?" akawauliza. "Nimewaletea mtu kutoka kwenye nyota. Ana kiu."

"Nyota gani hiyo, Mama Stefano?"

"Masasi!"

Bonde zima likacheka. Mwanamke mmoja, yule aliyezoea kunipa mgongo, akachota maji, akaninyooshea kata. Yalikuwa baridi, yana ladha ya udongo. Nikayanywa yote, nikafuta kidevu.

"Haya," akasema, "unaitwa nani?"

Njiani nilipanda mlima nikiimba, mtungi kichwani!

Sasa ninajiuliza: aliyetunga hadithi ile, je, aliwahi kufika mgeni mahali, koo limemkauka?

Jumatatu Stefano atawasomea wanafunzi wake hadithi hiyo, pale darasani chini ya picha ya Malkia wa Uingereza. Nimemwomba akifunge kitabu kabla ya bunduki, awaulize wao wangefanya nini. Watajibuje? Nitajibanza dirishani nisikilize.