Mkono Kwenye Swichi

Tarehe 3 Februari

Kwako baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na mama, na kwamba kikohozi kimekupa nafasi ya kupumua. Mimi ni mzima, ila masikio yananivuma kutwa kwa kelele za mashine.

Nilifika salama. Baba mdogo alinipokea stendi, akaniangalia mikono kabla hata sijamwamkia, akasema, "Ina vidole vyote. Vizuri." Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Karakana yake ni kubwa kuliko ulivyoniambia. Tupo watatu tu: yeye, mimi, na fundi mmoja mtu mzima wanayemwita Kipara, ingawa ana nywele nyingi kuliko mimi.

Kazi ya kwanza niliyopewa ni kufunga meza mpya ya ruta, ile mashine ya kuchonga kingo za mbao, maana ya zamani imepinda. Baba mdogo anasema mtoto wa fundi hafundishwi. Baba, mimi sijui. Nyumbani nimeshika randa na patasi, na kila nilipokuuliza habari za ruta ulikuwa unakumbuka ghafla kwamba una kazi nje. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua lolote. Baba mdogo ukimuuliza kitu anajibu kwa nyundo ya mti. Jana ilinipita sikioni ikagonga mlango, na mlango umebaki na shimo.

Msalimie mama sana.

Ni mimi mwanao

*

Tarehe 17 Februari

Kwako binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mama yako anauliza kama unakula, nami nakuuliza kama unavaa miwani ya kazi.

Sasa sikiliza. Ruta ya mkononi unaipeleka wewe kwenye mbao. Ya mezani imefungwa chini, kichwa juu, kisu kinachungulia kwenye tundu la meza, na wewe unaipelekea mbao. Ndiyo maana watu wanaidharau. Hawaoni mashine, wanaona kijisu kidogo kama jino la mtoto. Kijisu hicho kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika na hakijui tofauti ya mninga na nyama.

Kabla ya kubadilisha kisu, chomoa plagi. Usizime swichi tu ukaridhika. Chomoa, uiweke mahali unapoiona. Ingiza shina la kisu mpaka chini, kisha lirudishe juu kidogo, unene wa kucha, ndipo ukaze nati. Ondoa spana mezani. Zungusha kisu kwa mkono uone hakigusi popote. Kisu kikubwa kiendeshe polepole.

Ule ubao wa kuongozea, unaosimama nyuma ya kisu, ukaze pande zote mbili kwa klempu. Ukisimama mbele ya meza, mbao inaingia kutoka kulia kwenda kushoto, ili kisu kiwe kinakusukuma. Ukiiingiza kutoka kushoto, kisu kitaidaka na kuirusha, na mkono wako utaifuata. Wala usiipitishe mbao katikati ya kisu na ule ubao, hapo umejitengenezea bunduki. Kata kidogo kidogo, mara tatu, mara nne. Kipande kifupi usikishike kwa mkono, tafuta kibao cha kusukumia. Glovu usivae, kanga usifunge, nywele zifiche.

Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kushoto unavijua vilivyokwenda. Nilijisahau. Hakuna zaidi ya hapo.

Mdogo wangu ana hasira, lakini ni fundi. Mvumilie.

Baba yako

*

Tarehe 29 Machi

Kwako baba,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Nimechelewa kuandika kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Sasa umepona, kama unavyoona mwandiko.

Meza niliifunga kama ulivyosema, ikakaa sawa mpaka Kipara akanipa mkono. Kasoro ni moja. Hapa swichi ya ruta yenyewe, ile iliyo chini ya meza, imefungwa kwa utepe wa gundi ibaki imewashwa siku zote, eti kuinama kunapoteza muda. Mashine inawashwa kwa swichi ya ukutani, hatua tatu kutoka mezani. Nikaibandua. Kesho yake nikaikuta imefungwa tena.

Wiki iliyofuata baba mdogo alimharakisha Kipara na fremu za madirisha. Akamwambia azunguke upande wa pili aingize kutoka kushoto, asipoteze muda kugeuza mbao. Kipara akakataa. Akapigwa kofi, akakubali. Mbao ilitoka pale kama imepigwa teke, ikamwingia mdomoni. Meno mawili yalianguka mezani, la tatu tulilitafuta kwenye vumbi. Na baba mdogo, badala ya kumpa hata kitambaa, akaokota mbao ileile akaanza kumpiga nayo mgongoni kwa kuiharibu. Nikaingia kati. Ndipo nilipovimba mkono.

Lakini hilo silo linalonikosesha raha. Kuna mchezo wake anauita kuamsha watu. Ukiwa umeinama kubadilisha kisu na hujachomoa plagi, yeye anakwenda taratibu ukutani, anabonyeza swichi na kuizima papo hapo. Mashine inalia mbele ya pua yako, spana inaruka. Kisha anasema, "Umeamka?" Anacheka mpaka anashika tumbo. Kipara anasema mchezo huu ni wa siku zote.

Baba, ulifanya kazi naye miaka sita. Na enzi zenu mlikuwa mnaamshana?

Mwanao

*

Tarehe 12 Aprili

Kwako binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Mpe pole Kipara. Wewe chomoa plagi na uikalie. Usimpe mgongo unapobadilisha kisu. Mambo ya zamani hayakusaidii kukata mbao. Ukishaiva kazini utaondoka, na mimi nitakutafutia mahali. Vumilia mpaka mwisho wa mwaka. Yule naye ni baba yako.

Baba yako

*

Tarehe 20 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi si mzima, kwa hiyo sitaandika kwamba ni mzima.

Ijumaa nilikuwa nimeketi nimeinamia meza na plagi nimeikalia kama ulivyosema. Baba mdogo akabonyeza, mashine kimya. Akabonyeza tena. Alipoona nimeikalia plagi alichukia kama nimemtukana mbele za watu. Alinivuta kwa nywele akanibamiza uso kwenye meza ile niliyoifunga mwenyewe. Pua imevunjika. Nikamwambia nitakuandikia wewe. Akasema, "Mwandikie. Na umuulize vidole vyake vitatu nani alivitoa."

Nimekuuliza. Nijibu. Usiniambie kuhusu mbao.

Mwanao

*

Tarehe 2 Agosti

Kwako mwanangu,

Marahaba, na pole, na pole tena. Mama yako amelia tangu alipoisoma barua yako, na sasa hasemi na mimi, kwa sababu nimemwambia ninayokuambia wewe.

Nimekaa na kalamu wiki tano. Ni woga tu, usinitafutie sababu nyingine.

Ni yeye. Nilikuwa nimeinama, plagi iko ukutani, na mdogo wangu akabonyeza. Hakuzima papo hapo. Nilimwona akiniangalia, mkono uko kwenye swichi, akaacha mashine izunguke mpaka nilipoanguka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Bibi yako alipokuja mbio nikamwambia nilijisahau. Nimeyasema maneno hayo miaka ishirini na tatu, kwa kila mtu, hata kwako.

Kama ningeishia hapo ungenihurumia, kwa hiyo naendelea. Mchezo wa kuamsha watu si wake. Ni wangu. Mimi ndiye niliyeanza kufunga swichi ya chini kwa utepe wa gundi. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama ukutani, yeye ameinama, ananiomba nisibonyeze, na mimi nacheka. Nilimpiga kwa mbao, kwa mkanda, kwa chochote kilichokuwa karibu. Asubuhi ile nilimvunja taya kwa nyundo ya mti kwa sababu alikata ulimi wa kuungia mlango ukawa mfupi. Mchana akabonyeza. Sikumficha kwa wema. Nilimficha kwa sababu angeulizwa kwa nini, angejibu, na mimi nilikuwa fundi wa kuheshimika.

Nikakutuma kwake. Nilijidanganya kwamba amebadilika kwa kuwa mimi nilibadilika. Ulipoandika habari za kuamsha watu nilijua, na bado nikakwambia uvumilie.

Ondoka leo. Ukishaisoma barua hii usichukue hata patasi, njoo nyumbani.

Baba yako

*

Tarehe 11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia tarehe nane. Nilikuwa nimeshafanya.

Ilikuwa tarehe thelathini Julai, baada ya chakula cha mchana. Kipara alikuwa nje anapanga mbao. Asubuhi baba mdogo alikuwa amenirushia patasi, ikakaa begani, nikaichomoa mwenyewe. Sasa alikuwa ameinama anabadilisha kisu. Yeye hachomoi plagi, maana nani atathubutu? Mimi nilikuwa ukutani nafunga kitambaa begani. Sikuteleza, wala sikusukumwa na mtu. Nilimwita kwanza. Nilisema, "Baba mdogo." Aliinua macho, akaona mkono wangu ulipo, akafungua mdomo kama anataka kuomba. Nikabonyeza. Sikuizima. Nilihesabu mpaka nne.

Vidole vimekwenda viwili na nusu ya cha tatu. Damu ilipanda mpaka kwenye taa. Spana ilimpasua shavu. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama wala mtu, na mimi, baba, kuanzia moja mpaka tatu nilikuwa na furaha. Kwenye nne niliogopa nikazima.

Hospitali walimuuliza. Alinitazama pale nilipokaa na damu yake kwenye gauni, akamwambia daktari, "Nilijisahau." Kipara naye akaambiwa hivyohivyo. Sikuelewa kwa nini mtu aliyenivunja pua ananifichia siri. Niliposoma barua yako ndipo nikaelewa ameyatoa wapi maneno hayo.

Bado amelazwa. Karakana naiendesha mimi. Majirani wananipa pole, wanasema ukoo wetu una bahati mbaya na mashine. Ningeweza kukaa hivi, nikazoea. Nilianza kuzoea.

Lakini juzi Kipara alichelewa na kisu. Fremu zinasubiriwa, yeye ameinama anahangaika na nati, na mimi nimesimama ukutani nikimwangalia. Nikabonyeza. Baba, nilibonyeza kabisa. Mashine haikulia, kwa sababu plagi alikuwa ameichomoa, mimi mwenyewe nilimfundisha. Akasikia mlio wa swichi. Akageuka taratibu, mdomo wake hauna meno mbele, akaniuliza, "Na wewe pia, dada?"

Alimaliza kukaza nati, akaendelea na kazi.

Niambie la kufanya. Ukisema ninyamaze nitanyamaza, na baba mdogo atanyamaza, na hakuna atakayejua. Nitakubali lolote utakalosema, lakini uliandike kwenye karatasi niweze kulisoma mara mbili.

Mwanao

*

Tarehe 16 Agosti

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mama yako amerudi kusema nami. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nenda." Barua hii nampa dereva wa basi la kesho akuletee mkononi, na mimi nakuja na basi la keshokutwa.

Umeniomba nikuandikie, basi soma mara mbili. Usinyamaze.

Najua ninachokuambia. Huenda wakakuweka ndani. Kama ni hivyo nitapanga chumba karibu na huko na nitakuja kila siku ya kuona wafungwa, mpaka askari wanichoke. Ningependa kukuambia urudi nyumbani tufunge mlango, mkono wa baba mdogo upone, tuzeeke. Usiku wa jana nilikuwa nimeshaiandika barua ya namna hiyo. Ilikuwa nzuri. Nimeichoma jikoni, maana mimi ndivyo nilivyofanya, na matunda yake unayo wewe begani na Kipara mdomoni.

Kabla sijafika, mwombe Kipara msamaha. Usimweleze habari za pua yako wala bega lako, mwombe tu. Bandua ile gundi kwenye swichi ya chini, ufunge karakana, funguo umpe yeye.

Nipokee stendi, tukitoka hapo tutapitia hospitali. Mdogo wangu sijamwona miaka kumi na moja. Sijui kama atakubali kuniangalia, lakini nina neno la kumwambia nalo halihusu vidole vyangu. Nitamwambia pia kwamba hana haja ya kudanganya kwa ajili yetu.

Kisha tutakwenda kituoni, mimi na wewe. Watataka wewe ndiye ueleze, kwa kuwa kesi ni yako. Nitawaomba wanisikilize kwanza, na wakikataa nitasema vilevile nikiwa nimesimama mlangoni. Nitaanza mimi, mwanangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza.

Baba yako