Jina la Fergal Daftarini

Drumshanbo, 14 Mei 2012

Mwanangu Fergal,

U hali gani huko Perth? Sisi wazima, ila goti la baba yako linamsumbua mvua ikinyesha, na huku kwetu Leitrim mvua haina likizo.

Kadi yako ya kura imefika. Tarehe 31 tunaulizwa kama tuukubali mkataba wa Ulaya wa kubana bajeti. Baba yako ni Ndiyo. "Ukitia saini kanuni, unazifuata. Nchi si kilabu cha pombe." Mimi ni Hapana. Tumeshabanwa vya kutosha, na wewe uko migodini Australia. Nilibandika tangazo langu la Hapana dirishani, naye akabandika lake juu yake. Siku hizi kila mtu anajimiminia chai yake.

Nuala wa halmashauri anauliza kama akufute kwenye daftari la wapiga kura. Kisheria, aliye nje hubaki humo akiwa anakusudia kurudi ndani ya mwaka na nusu. Nimwambieje?

Mama yako

Perth, 25 Mei

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, vumbi tu. Mwambie Baba apake goti dawa, asijifanye kijana. Tangazo lako libandike chooni, huko atalisoma. Mimi kura siwezi kupiga, lazima mtu awepo mwenyewe. Yule mbwa wetu, mguu umepona?

Mwanao, Fergal

Drumshanbo, 3 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Mbwa amepona. Watu wa Ndiyo wameshinda, na baba yako anatembea kijijini utadhani kaupiga mkataba muhuri yeye.

Nilichokuuliza hukunijibu.

Mama

Perth, 8 Julai

Mama, shikamoo. Natumaini mu wazima.

Kampuni imenipa kazi ya miaka minne mingine, nami nimekubali. Nimelia, sikufichi. Mwambie Nuala anifute.

Nisamehe.

Fergal

Drumshanbo, 20 Julai

Fergal,

Hujambo? Goti ni lilelile. Unajua mimi si mtu wa barua, lakini mama yako hajashika kalamu tangu asome yako. Alikataa katakata kwenda kwa Nuala, basi nikaenda mimi, maana sheria ni sheria.

Nuala akafungua daftari, akaniuliza, "Haya, Mzee, kijana anarudi au harudi?"

Nikamwambia unarudi kabla ya Krismasi.

Akalifunga daftari, jina lako likiwa bado limo. Mama yako nilipomweleza alicheka, kisha akalia, kisha akanimiminia chai.

Mtu akikuuliza, sema hivyohivyo.

Baba yako