Ngozi ya Bibi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai mlifika salama, na mwanao ameanza kukaa bila kuegemezwa. Hapa wodini tumewekewa mapazia mapya, na mpishi bado anazidisha chumvi.

Bibi amehamishiwa chumba cha peke yake. Usishtuke. Ile ngozi yake iliyokuwa ikibanduka kama magamba, ambayo sisi wauguzi wote tuliiita uzee tukawa tunampaka mafuta kwa mikono mitupu, daktari ameikwangua na kuipima. Ni upele, tena ule mkali, vidudu vyake havina idadi. Shuka zake sasa zinafuliwa kwa maji ya moto, mbali na za wengine. Tulipomkata kucha alitutania: "Upele humwota asiye na kucha, nanyi ndio mnaozimaliza!" Kisha akaitazama mikono yangu ndani ya glovu.

"Mjukuu wangu, mbona unanishika kama maiti?"

Nikaendelea kumpaka dawa.

Mdogo wangu, siku mliyokuja kumuaga, mtoto alilala kifuani kwake mpaka mkaondoka. Mvue nguo sasa hivi, umwangalie viganja, nyayo na makwapa. Hata usipoona kitu, mpeleke zahanati, maana upele hukaa kimya wiki nyingi kabla ya kuwasha. Nyote mpakwe dawa, shemeji naye, hata akibisha.

Bibi anauliza kila siku utamleta lini tena. Namwambia karibuni.

Nijibu upesi. Tangu juzi nalala nimevaa soksi mikononi, nisijikune.

Dada yako, anayekukumbatia kwa mbali.