Bango la Sabasaba

Halima uko wapi?? Bibi Paskalia kanimaliza mbele ya wakwe. Nimejifungia chooni nacheka peke yangu 😭

Kasimulia Sabasaba ya mwaka 75, kijijini kwao kule Uluguru, enzi za ujamaa. Sherehe ilipoisha, mapambo yote yalitupwa jalalani, hadi bango la kitambaa kizima! Na nguo zenyewe zilikuwa hazipatikani, babu Kasiani amebakiwa na suruali moja iliyochoka. Bibi akaliokota, akamshonea bukta ya ndani.

Sabasaba iliyofuata, babu anacheza ngoma mbele ya mgeni kutoka wilayani. Kainama, suruali ikapasuka nyuma, prrrraa! Matakoni pameandikwa KARIBU MGENI RASMI.

Halima. KARIBU MGENI RASMI. Matakoni!!

Mwenyekiti wa kijiji akaruka juu: "Ndugu Kasiani, umeiba mali ya umma!" Babu anajiona yuko ndani tayari.

Bibi, na mimba yake ya miezi minane, akasimama katikati ya uwanja: "Mlilitupa wenyewe, mimi nimeliokota. Mkilitaka, haya, mvueni!"

Eti MVUENI! Na mama mkwe wangu anasikiliza!

Mgeni akacheka mpaka akashika meza. Akamuuliza mwenyekiti, "Na bango hili la leo mtalitupa wapi?"

Mwenyekiti hajafungua mdomo, kina mama wameshalizunguka bango, kila mmoja anapima kwa macho kiuno cha mumewe.