Neno Ambalo Bosi Hakulitamka

Alhamisi, Al Sadd

Na ni mimi niliyemwambia. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumanne tukipika ugali nilimlalamikia Mercy, mwenzangu wa chumba, kwamba bosi amekata tena maneno "kupunguza wafanyakazi" kwenye hotuba niliyomwandikia. Nilikuwa nimechoka tu. Sikujua kuna soko mtandaoni ambako watu huweka pesa wakibashiri maneno watakayotamka wakubwa wa kampuni wakitangaza matokeo ya robo mwaka. Wala sikujua Mercy, nesi wa watu, anacheza huko.

Leo bosi amewasomea wawekezaji hotuba. Badala ya yale maneno amesema "kujipanga upya", mara tatu. Mercy alikuwa amebashiri kwamba hatayatamka. Ameshinda.

Nimerudi nikamkuta na kuku wa kuchoma. "Bosi wako hakusema, dadangu! Hakuna mtu anafutwa, na mimi nimekula!" Alikuwa amefurahi kwa ajili yetu sote.

Nilitaka kumkasirikia. Hii kitu ikijulikana kazini, nitakayehojiwa ni mimi, si yeye. Lakini angejuaje? Nilimpa nusu ya habari tu.

Nusu ya pili sijampa. Jana bosi aliniletea orodha ya watakaoondoka niichape. Jina langu ni la nne, na visa yangu ya kuishi huku ugenini ni ya kampuni: kazi ikiisha, narudishwa nyumbani.

Nimekula paja, nikamwambia kuku ni mtamu.